Rangi Nyeupe Juu ya Mulombwa

Mama alipofariki, ndugu zangu waliniachia sanduku lake la bati kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Ndani mlikuwa na vitenge, rozari mbili, na chini kabisa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Nilipoking'oa kifuniko, kabla sijaona kitu, harufu ilinifikia: spiriti, na kitu kitamu kama asali iliyoungua. Mlikuwa na kereng'ende wanne, panzi mmoja na kumbikumbi wengi, wote wakavu, waking'aa kama vioo. Nikakaa chini sakafuni. Wadudu hao niliwatengeneza mimi nilipokuwa na miaka tisa au kumi, kisha nikawazika nyuma ya choo chetu pale Kamina ili mtu yeyote asiwaone. Mama aliwafukua. Hakuniambia hata siku moja.

Wanaonifahamu husema mimi sikai mahali. Ni kweli. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimeuza samaki Kabondo-Dianda, nimewapikia watengeneza barabara, nimeosha mawe ya madini Kolwezi, nimelala katika nyumba nyingi zisizo zangu. Husema pia kwamba nina maswali mengi kuliko mtoto. Hilo nalo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo hawajaliona: nikiingia katika nyumba ya mtu, hata kabla ya kumaliza salamu, macho yangu hukimbilia fremu za milango. Naangalia kama ni nyeupe, na kama ni nyeupe, naangalia kama imetoa kitu.

Nyumba yetu aliijenga babu yangu, nkambo kama tunavyosema kwetu, aliyekuwa fundi wa mbao katika karakana za reli. Milango, fremu, dari, hata ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, vyote vilikuwa vya mulombwa, mti mwekundu ambao ukiukata unatoa utomvu kama jeraha. Alivipaka vanishi ya kahawia, na miaka ilivyopita vikazidi kuwa vyeusi. Wakati wa kutengeneza fremu zile msumeno ulimkata vidole viwili. Mimi sikumkuta hai, ila Baba alizoea kupiga fremu ya sebuleni kwa kiganja na kuwaambia wageni, "Damu ya muzee iko humu." Wageni walicheka. Mimi sikucheka. Nilidhani ni kweli, kwamba damu ya nkambo ilikuwa ndani ya ubao kama maji ndani ya muwa, na nikipita mlangoni nilijibana nisiiguse.

Mwaka ambao dada yangu mkubwa, Yaya Numbi, alichumbiwa na kijana wa kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji, mtoto wa mwanajeshi, Mama alianza kulalamika kuhusu giza.

"Humu ndani ni giza sana. Bakwe batafikiri tunabaficha kintu."

"Hii mbao ni ya baba yangu," Baba akajibu. "Unataka niipake chokaa kama jiwe ya barabara?"

"Kule Base niliona nyumba ya mukubwa moja. Milango iko mbao, pembeni nyeupe pe. Inapendeza!"

"Basi uolewe kule."

Walivutana hivyo kwa wiki nzima, mpaka Mama akamwita Papa Kabeya.

Papa Kabeya alikuwa mpaka rangi, mzee mwembamba kutoka Kasai, mwenye baiskeli iliyofungiwa ngazi. Ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa kwetu Katanga, yeye na watoto wake walipanda treni kama wengine wote. Watoto walibaki Mwene-Ditu, upande wa kwao. Yeye alirudi peke yake. Watu walipomuuliza kwa nini amerudi mahali alikotolewa, alisema milango ya Kamina anaifahamu yote kwa jina. Alinisalimia "Moyo, mamu", kwa maana watu wa Kasai humwita mama hata mtoto wa kike mwenye kamasi, nami nikajiona mkubwa.

Alipita nyumba nzima akipapasa mbao kwa vidole. Kisha akasimama kati ya Baba na Mama.

"Kintu mukono inagusa, tunakiacha mbao. Kintu macho tu inaangalia, tunakipaka nyeupe. Mulango munausukuma kila siku, utachafuka. Ibaki vile muzee aliifanya. Fremu hakuna mwenye anaishika. Ile njo tutapaka."

Baba akacheka. "Mukasai, weye unapatanisha bantu kuliko juji wa tribinali."

Kazi ilichukua karibu wiki tatu, na kila siku nilikuwa miguuni pake. Shuleni niliaga naumwa tumbo. Alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yangu aliyejibu kila swali. Mlango mmoja, wa kuelekea jikoni, ulikuwa umeliwa na mchwa, akaweka mpya wa mbao nyeupe isiyo na sura. Ili ufanane na wenzake alichukua unga mwekundu wa mti wa mukula, ule ambao mababu walijipaka mwilini siku za matambiko yao, akauchanganya na vanishi ndani ya kopo na kuupaka kwa kitambaa. Mlango ukazeeka mbele ya macho yangu. "Unaona, mamu? Sasa iko na miaka makumi tano," akasema, tukacheka.

Fremu hazikuwa rahisi hivyo. Alizisugua kwa msasa mpaka wekundu wao ukaonekana, lakini rangi nyeupe hakuigusa.

"Papa, juu ya nini haupake nyeupe mara moja?"

"Juu hii mbao iko na maji yekundu ndani. Ukiipaka nyeupe bila kuifunga kinywa, mvua ikikuja, inatoka inje. Mbao haipendi kufichwa."

Nilikuwa najua maji hayo mekundu ni nini. Ni nkambo. Nikaona fahari kwamba mimi na Papa Kabeya tunaijua siri moja.

Kitu cha kuufunga ubao kinywa alikiita gomu. Vilikuwa vigamba vyembamba vya njano, kama kucha, alivyovitumbukiza katika chupa ya spiriti na kuiweka dirishani kwenye jua siku mbili, akiitikisa kila apitapo. Magamba yakayeyuka, chupa ikawa na rangi ya asali nzito. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Tone moja lilimwagikia mchwa kwenye sakafu, na asubuhi nilimkuta yule mchwa amekuwa kito, miguu yake yote sita ikiwa imesimama.

Naamini kila aliyekuwa mtoto anaelewa nilichofanya baadaye, ingawa sitafuti wa kunitetea. Papa Kabeya alipokwenda kula kwake mchana, nilichukua kikombe na kumimina. Nilichovya kereng'ende, panzi, kumbikumbi waliokuwa wameanza kuruka kwa dalili ya mvua. Siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi. Siku ya tatu chupa ilikuwa imefika nusu, nikaogopa. Pembeni kulikuwa na chupa nyingine, ya spiriti tupu. Nikajaza. Asali ikawa kama chai ya mtu aliyeishiwa majani. Nikaitikisa kama alivyoitikisa yeye, nikairudisha dirishani, na kwa kuwa jua lilipita ndani yake ilionekana bado nzuri.

Macho ya Papa Kabeya hayakuwa tena ya kijana, na ukumbi wetu, kama Mama alivyosema, ulikuwa giza. Alipaka fremu zote gomu ile mara mbili, akaacha zikauke, kisha nyeupe mara mbili. Alipomaliza, hata Baba alisimama sebuleni akiwa ameshika kiuno, akizitazama. Milango ilikaa myeusi, imetulia, kila mmoja ndani ya mstari mweupe, kama mzee aliyevaa shati safi la Jumapili. Mama alizunguka akiwasha taa zisizohitajika.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili kabla ya wakwe kuja. Ilinyesha siku nzima, na nyumba ikajaa unyevu.

Kwetu, siku ya kupokea wakwe, binti hukaa chumbani na mlango ukiwa umefungwa mpaka atakapoitwa. Upande wa mume husema tumekuja kuchukua ua letu, na mlango ule ndio unaofunguliwa. Kwa hiyo sebule nzima, wageni karibu ishirini, ilikuwa imegeukia mlango wa chumba cha Yaya Numbi. Shangazi wa bwana arusi, mama mnene aliyefika kutoka Base na kitambaa kirefu kichwani, alikuwa ameketi karibu nao kuliko wote. Nilimwona akisogeza uso. Kisha akanyoosha kidole, hakugusa.

"Hii ni kintu gani?"

Kutoka katika kona ya juu ya fremu, juu ya weupe, ulikuwa umetoka mstari mwekundu. Mwingine ulikuwa katikati. Mwingine chini, karibu na bawaba, umeteremka na kuishia kwa tone. Tulipoangalia fremu nyingine tukaona kila moja ina yake.

"Inatoka damu," mtu akasema nyuma.

Shangazi akasimama. "Muke wetu hawezi kupita mu mulango yenye kutoka damu. Hapana. Tutarudia siku mutakuwa mumeangalia mambo yenu."

Waliondoka bila kunywa hata maji. Kuku walibaki sufuriani. Nyuma ya mlango ule tulimsikia Yaya Numbi akiuliza, "Mama? Niko natoka?"

Mimi nilijua kwa hakika kilichotokea: nkambo amefunguliwa kinywa, na aliyemfungua ni mimi. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka gomu. Nilivificha katika sketi.

Baba mkubwa, kaka yake Baba, ambaye siku zote alinung'unika mtu wa Kasai kuingia katika nyumba ya baba yao, alipata nafasi yake. "Nilisema! Ule muntu balimufukuza, akarudia. Akarudia kufanya nini? Nani alimuona akitia kintu mu rangi?"

Macho ya Mama yalikuwa yakizunguka chumbani polepole. Yalipita juu yangu, yakaenda, yakarudi. Nikasema kabla hayajatulia.

"Minyi nilimuona. Alitia unga mwekundu mu kopo."

"Unga gani?"

"Ya mukula."

Ni kweli nilimwona. Maneno yale hayakuwa na uongo hata mmoja ndani yake, na ndiyo maana yananichoma kuliko uongo wote niliowahi kusema. Unga uliingia katika vanishi ya mlango wa jikoni, mbele yangu, tukicheka. Sikusema mlango wa jikoni. Sikusema vanishi. Niliwaacha waumalizie wenyewe, na waliumaliza haraka.

Walikwenda kwake mchana ule ule, Baba mkubwa na vijana wa mtaa. Walikuta mfuko wa unga mwekundu, kama nilivyosema. Nasikia alieleza, akawaonyesha kitambaa, akawaomba waje wote kuangalia mlango wa jikoni. Walimvunjia ngazi na kumwaga rangi zake barabarani. Kwa siku nyingi baiskeli zilipita pale zikiacha alama nyeupe mpaka sokoni. Wakamwambia treni itakayofuata isimwache.

Jioni tulikula wale kuku. Baba mkubwa alichukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanaume mwenye nyumba na haijawahi kugusa sahani ya mtoto wa kike, akaniwekea mimi. "Huyu mutoto iko na macho," akasema. Wote waliniangalia nikila. Natamani niwaambie kwamba ilinikwama kooni. Haikunikwama. Ilikuwa tamu, na nilitafuna polepole ili iendelee.

Mnazijua treni za Kamina. Papa Kabeya alingoja siku tatu kituoni, amekalia godoro lake lililokunjwa, na baiskeli isiyo na ngazi. Siku ya pili nilikwenda. Sikwenda kuungama, nilitaka tu kuona uso wa mtu aliyefukuzwa mara mbili unakuwaje. Nimeshasema kwamba nina udadisi. Nilisimama nyuma ya mizigo ya watu, lakini aliniona.

"Mamu! Kuya hapa."

Nilidhani atanipiga. Alinisogeza karibu, akashusha sauti kama fundi anavyomnong'oneza fundi mwenzake.

"Weye ulikuwa pale siku zote, uliniona na macho yako. Nilikosea wapi? Gomu nilipitisha mara mbili ao mara moja?"

"Mara mbili, Papa."

"Na chupa ilikuwa rangi ya asali?"

Nilimwangalia. Alikuwa akiomba jibu kweli. Hakuwa akinitega. Katika watu wote wa Kamina aliona mimi tu ndiye mwenye akili ya kumsaidia.

"Ya asali," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Njo vile minyi nawaza. Basi ni mukono. Mukono inazeeka, mamu, na mwenyewe hajui." Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama kitu alichoazimwa. Akaniambia niende nyumbani, mvua inakuja.

Baba alipaka fremu zote rangi ya kahawia iliyokolea, na wakwe wakarudi baada ya mwezi. Yaya Numbi alipita mlangoni pake, akaolewa, ana wajukuu sasa. Kila kitu kilitengenezeka. Mimi niliwazika wadudu wangu nyuma ya choo, na mwaka uliofuata shule ikanishinda; sikuweza tena kukaa mahali ambapo mtu mzima anauliza swali na kungoja nijibu.

Miaka mingi baadaye fundi mmoja wa Likasi, ambaye nilimshikia mbao kwa siku chache, alinieleza bila kujua anamweleza nani. Ule wekundu si damu wala mzimu. Ni utomvu, na kinachouita utoke ni spiriti yenyewe. Gomu nzito huukausha na kuufunga. Gomu iliyopunguzwa kwa spiriti haifungi chochote. Inaamsha wekundu wote na kuuleta juu. "Mutu akifanya vile anaharibu kazi ya mutu mwingine kabisa," akasema, akaendelea kusugua. Siku hiyo nkambo alitoka katika ubao, akaniacha peke yangu humo.

Baada ya kufungua kopo la Mama nilipanda treni kwenda Mwene-Ditu. Nilijiambia naenda kuangalia mji. Niliuliza mafundi wa rangi kuhusu Papa Kabeya, wakanielekeza kwa mafundi wa milango, nao wakanielekeza nyumba ya mama mmoja aliyerithi karakana ya baba yake. Papa Kabeya alikuwa amekufa misimu miwili iliyopita. Binti yake, Mama Mbuyi, mwanamke wa umri wangu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, alinikaribisha kwa Kiswahili, kwa sababu alizaliwa Kamina na hajakisahau.

Kabla ya kukaa niliangalia fremu. Zilikuwa kahawia. Milango kahawia, madirisha kahawia, hata ule ubao wa chini ya ukuta. Hapakuwa na weupe popote.

"Nyumba ya mupaka rangi," nikasema, nikijaribu kucheka, "na hakuna nyeupe?"

"Aliiacha. Tangu alirudia huku hakuipaka tena hata siku moja. Bantu bakimuomba, anabatuma kwa bengine. Alisema nyeupe inataka mukono mwenye haikosee." Akanimiminia chai. "Weye ulimujulia wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikatoa kopo kwenye mfuko, nikalifungua mezani, na nilipokuwa nikisema harufu ile ilitoka, ya spiriti na asali iliyoungua. Yeye aliitambua, niliona pua yake. Nilimwambia chupa, wadudu, spiriti, unga wa mukula, na kituo cha treni. Nilimwambia kuhusu firigisi pia, sijui kwa nini.

Nilipomaliza alimchukua kereng'ende mmoja, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha kama fundi anavyokagua kazi.

"Kwa hiyo mukono wake haikukosea."

"Haikukosea."

"Alikuuliza, na macho kwa macho."

"Ndiyo."

Akamrudisha kereng'ende kwenye kopo, akafunga kifuniko, akalisukuma upande wangu wa meza. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akaweka kiganja juu ya fremu ile ya kahawia na kukiacha pale.

"Baba alikufa akijua ni yeye alikosea," akasema.

Chai niliimaliza kwa kuwa kuiacha kungekuwa dharau. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa, akanionyesha njia ya kituo. Nilinyoosha mkono kuaga. Aliuangalia, mbele na nyuma, akarudi ndani.